Santuri Yako Ilikuwa Inalinda Uwele

...na ndiyo maana nakwambia, Kaka Josephat, hawa watu watanitoa roho. Sijamaliza hata kuonja utamu wa ndoa yangu, nimeshagombana na nusu ya ukoo kwa ajili yako. Ungekuwepo ungecheka mpaka ushike ubavu, halafu ungeniambia, "Mdogo wangu, punguza sauti, unashindana na santuri." Haya, nimepunguza. Lakini nina hasira, na mtu wa kumwambia hasira hizi ni wewe, na wewe ndiye uliyeniachia mzigo huu ukaondoka.

Ngoja nianze na lililo zuri, maana nikilifungia moyoni litanipasua. Nimeolewa, kaka! Nimeolewa na Zakayo. Yule yule wa mashine ya kukamua alizeti, uliyemwona mara moja tu ukasema, "Zakayo huyu hana haja ya kupanda mti, yeye mwenyewe ni mti." Ni mrefu kweli, na mpole, na akirudi kazini ananukia mashudu. Zamani nilikuwa naziba pua nikipita karibu na zile mashine. Siku hizi nikiisikia harufu hiyo popote mtaani nageuka kama mtu aliyeitwa kwa jina. Tuna chumba na sebule hapa Singida Mjini. Ukisimama mlangoni ukanyoosha shingo unaona kipande cha Ziwa Kindai, kidogo kama kioo cha mfukoni. Zakayo amesema kipande hicho ni changu. Kaka, nina ziwa!

Lakini sina wimbo wangu. Hapo ndipo furaha yote inapokwama.

Unakumbuka siku ulipoileta nyumbani ile santuri? Anders, yule kijana wa Uswidi aliyekuja na watu wa visima, alikuwa na kigramafoni chake cha sanduku, kile ambacho mfuniko wake unafunguka kama begi la safari. Vumbi letu likakiua mapema. Ukakikarabati pale kibandani kwako Mkiwa, kati ya redio bubu na feni zisizo na mapanga, ukakisafisha kwa brashi yangu ya rangi ya kucha, ambayo uliichukua bila kuniomba, na hilo sijalisahau. Alipokuwa anarudi kwao akakuachia, pamoja na santuri moja tu. Alisema hiyo ndiyo anayoipenda kuliko zote, na mtu hampi rafiki kitu asichokipenda.

Tulikaa sote sebuleni kusubiri muziki wa Ulaya. Mama alikuwa amevaa hadi kitambaa cha kanisani. Ukashusha sindano. Mungu wangu! Ilikuwa kama mashine ya kusaga iliyowashwa bila nafaka, halafu mtu amebanwa kidole humo ndani. Kabla hatujajua kama ni wimbo au ni hitilafu, ukaisha, mwingine ukaanza, nao ukaisha. Mama akasema, "Josephat, si umesema imepona?" Ukamjibu kwamba imepona, ndivyo ulivyo muziki wenyewe, unaitwa graindikoo, na humo zimekusanywa bendi nyingi za Uswidi, kila moja imepewa nafasi ndogo ya kupiga kelele zake. Mama akafikiri kidogo. "Kwani kwao kuna njaa?"

Nilicheka mpaka nikatoka nje. Hata leo nikiandika hivi nacheka, halafu nakumbuka uko wapi, na kicheko kinageuka kitu kingine.

Lakini wewe hukuwa unacheka. Anders alikuwa amekaa na wewe siku nzima akakueleza kila bendi inapiga kelele za nini. Huyu analia na bosi wake. Hawa wanalia na vita. Wengine wanalilia kuku wa huko waliofungiwa maisha yao yote bila kuona jua. Ule wa kuku uliupenda kuliko yote. Ulikuwa unawachezea wateja wako na kuwaambia, "Mmesikia? Vijana wa Ulaya wanamlilia kuku. Sisi kuku wetu anatembea mpaka barabarani anagongwa na basi, lakini kwa uhuru wake mwenyewe." Watu walikuwa wanaleta redio nzima kukarabatiwa ili tu wakusikie.

Na ule wa mwisho kabisa, upande wa pili, karibu na karatasi ya katikati. Ule ulisema ni wangu. Ulisema kati ya kelele zote zile huo peke yake ni wa mapenzi. Mwanaume ametoka kazini, amechoka, amefukuzana na bosi kutwa, anafika nyumbani anakuta mke wake amemfunikia chakula. Basi. Hakuna kingine. Anafunua sahani na anapiga kelele za furaha mpaka wimbo unaisha, na unaisha haraka kwa sababu chakula kinapoa. Sijui kama Anders alisema hivyo vyote au uliongeza chumvi. Sijali. Uliniahidi, "Siku ya harusi yako nitauweka kabla hujakata keki. Utakuwa umekwisha kabla mchungaji hajameza soda yake. Hakuna atakayejua kilichotokea ila mimi na wewe."

Hakuna atakayejua ila mimi na wewe. Kaka, sasa nimebaki mimi.

Wewe ulikuwa umeshalala, kwa hiyo nitakueleza walichofanya tulipomaliza msiba. Wazee walikaa, wakatandika jamvi, wakavitoa vitu vyako vyote wavigawe kwa ndugu kama ilivyo desturi, kila mtu apate cha kukukumbukia. Sikatai desturi. Nilikaa pale na macho yangu yaliyovimba nikisubiri watasema, gramafoni na santuri yake apewe mdogo wake. Hapana. Mzee aliyesimamia akasema si haki mtu mmoja kupata vingi na mwingine akose. Wakapasua, kaka! Mashine akapewa Baba Mdogo wa Mkiwa. Santuri akapewa Shangazi wa Unyambwa, kwa sababu eti anapenda nyimbo, yuko kwaya. Na mimi wakanipa jalada. Karatasi tupu ya nje! "Wewe umesoma sekondari," mzee akaniambia kwa upole kabisa, kama mtu anayenipa ng'ombe, "chukua hili lenye maandishi."

Maandishi gani? Yale majina ya bendi yamechorwa kama matawi ya miiba yaliyoshikana, hata Waswidi wenyewe sidhani kama wanayasoma. Nikapokea kwa mikono miwili. Nikapiga goti. Nikasema asante babu. Ndani yangu nilikuwa napiga graindikoo.

Yaani fikiria. Ni sawa na kugawa baiskeli, huyu apewe gurudumu, yule usukani, wa tatu apewe kengele akaambiwa aendeshe. Na hakuna aliyekuwa na nia mbaya, hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Ningejua kumkasirikia mtu mbaya. Lakini ukoo mzima ulikuwa umekaa pale ukilia machozi ya kweli, ukimtenganisha mdogo wako na wimbo wake kwa haki na usawa.

Na kuomba hakuruhusiwi. Ulikuwa unajua hilo? Mimi nilifundishwa siku ile ile. Nilimfuata Shangazi nyuma ya nyumba nikamnong'oneza, akanikata: "Kilichogawiwa msibani hakiombwi. Ukiomba, unamnyang'anya marehemu mkononi."

Basi harusi ikaja. Iliahirishwa kwa ajili yako, ikasubiri mavuno, na ilipofika ilikuwa nzuri, sitakudanganya. Zakayo alivaa suti ambayo mikono yake ilikuwa mifupi, kwa sababu hakuna suti ya kukodi ya mtu wa urefu ule, na alikuwa mzuri kuliko mwanaume yeyote niliyewahi kumwona, viganja vimejitokeza kama vya mtoto aliyekua ghafla. Jalada lako nililiweka kwenye kiti mbele, kile cha kaka wa bi harusi. Wageni walidhani ni zawadi. Ulipofika wakati wa keki, emsii akapiga wimbo mtamu wa kila harusi, watu wakasimama na simu zao, na mimi nikashika kisu nikatazama kile kiti. Mchungaji alikuwa ameinua chupa yake ya soda. Alikunywa taratibu, kaka. Alikunywa mpaka akamaliza. Kulikuwa na nafasi ya kutosha kabisa.

Zakayo akanibonyeza mkono, akaniuliza kwa midomo tu, "Nini?" Nikamwambia nitamweleza nyumbani. Na nyumbani nikamweleza, nikilia na shela kichwani, na yeye akasikiliza yote, kuku na bosi na chakula kilichofunikwa. Hakunicheka. Akasema, "Basi tutautafuta." Sasa niambie, mtu kama huyu unampenda kwa kipimo gani?

Siku yake ya kwanza kurudi kazini baada ya harusi, alichelewa kidogo kwa sababu watu walikuwa wameleta magunia mengi ya alizeti. Nilipika, nikampakulia, nikafunika kwa sahani nyingine. Sikuwaza kitu, ndivyo Mama alivyotufundisha. Akaingia amechoka, mafuta mpaka kwenye nyusi, akanawa, akakaa, akafunua. Akatabasamu. Nami nikaangua kilio pale pale, maskini akadhani chakula kimeungua.

Baada ya hapo ikabidi tupite kwa wakubwa, bwana harusi atambulishwe. Tukaanza na Shangazi. Nilikuwa nimejipanga: nitasalimia, nitakula, nitatoa kanga niliyomnunulia, halafu taratibu nitauliza kama naweza tu kuiona santuri. Kuiona si kuomba. Tukafika Unyambwa jua likiwa kali, Shangazi akatupokea kwa vigelegele, Zakayo akainama kama mti wenye adabu, "Shikamoo shangazi," "Marahaba mkwe wangu, shuka zaidi nikuone uso," na mimi nikageuza macho kutazama shamba.

Kulikuwa na mti umesimikwa katikati ya mabua makavu ya uwele. Juu yake kamba. Kwenye kamba kitu cheusi cha duara, kinazunguka na upepo, kinameta.

"Shangazi, ile ni nini?"

"Si ile santuri ya Josephat. Ndege wanaiogopa hiyo! Inametameta kama jicho la mwewe."

"Shangazi, ile ni ya kusikiliza!"

"Nisikilizie wapi? Mashine kapewa baba yako mdogo. Wewe umepewa karatasi. Mimi nimepewa duara. Ulitaka nilivae kama hereni?"

Nilimjibu vibaya. Sitarudia yote niliyosema, ila mume wangu alinitazama kama mtu aliyeoa mtu mwingine. Nilisema jua limeiharibu, nilisema ni kama kukuchukua wewe mwenyewe na kukutundika shambani. Shangazi hakukasirika haraka. Alimaliza kupakua ugali kwanza. Kisha akasema, "Kaa ule. Unajua huu ni ugali wa nini? Ni wa uwele. Kwa jirani, kweleakwelea wamekula mpaka mabua. Kwangu tumevuna. Mwanangu Josephat amesimama shambani kwangu msimu mzima, hali, halali, hadai. Wewe uliye hai, ulikuja siku gani kuamia ndege?"

Nikala. Na ugali ulikuwa mtamu, nikawa naukasirikia kwa jinsi ulivyokuwa mtamu, kila tonge naona kama limepita mkononi kwako. Sijui kama ni kweli ndege waliogopa. Labda walikwenda tu kwa jirani kwanza. Lakini jaribu wewe kumwambia hivyo Shangazi.

Akaongeza, kana kwamba hatujaelewa, kwamba santuri hatoi, msimu mwingine unakuja, na kilichogawiwa hakiombwi. Nikafungua mdomo. Zakayo akanigusa goti.

"Shangazi," akasema, "mimi ni mgeni kwenye ukoo huu, mila zenu bado najifunza. Kuomba nimeelewa, hakuruhusiwi. Na kubadilishana?"

Shangazi akatafuna. Akatafuna tena. "Kubadilishana na nini?"

Jumapili iliyofuata tulirudi, Zakayo ana vipande vya bati alivyovikata kutoka kwenye madebe ya mafuta yaliyochakaa, kavitoboa, kavipanga kwenye waya mrefu kama shanga za jitu. Akavifunga kwenye ule mti. Upepo wetu unaujua, hauchelewi. Vikaanza kugongana, kelele ikatanda shamba zima mpaka mbwa wa jirani akajificha. Shangazi akapiga makofi. "Hawa ndege watahamia Dodoma!" Akashusha santuri mwenyewe, akaifuta kwa kanga yake mpya, akaniwekea mikononi. "Mkwe huyu ana akili. Usimchoshe na makelele yako."

Kaka, nikisikiliza yale madebe nilisikia kitu. Nilisikia bendi. Nakuapia, kama Anders angekuwepo angeirekodi.

Lakini santuri sasa. Sijui nikuandikieje. Ukingo wake umejikunja kama chapati iliyosahaulika kaangoni. Walitoboa tundu kwa msumari kwa ajili ya kamba, pale pembeni. Vumbi limeingia kwenye mistari yake yote. Nilipoirudisha ndani ya jalada lake haikuingia, jalada likachanika kwenye kona. Nilikaa kwenye pikipiki nyuma ya Zakayo nimeikumbatia kifuani njia nzima, nikilaani. Nilimlaani yule mzee na jamvi lake. Nikakulaani na wewe kidogo. Kwa nini hukusema? Ulilala hospitali na kifua chako unatafuta pumzi, ukapata pumzi ya kuniambia nimrudishie mtu feni yake, hukupata ya kusema santuri apewe mdogo wangu? Neno moja tu, kaka. Nimeshapoa, lakini nilitaka ujue kwamba nilikasirika.

Ikabaki mashine. Baba Mdogo unamjua. Ameiweka sebuleni ndani ya kabati la vioo, juu yake kitambaa cha kufuma, juu ya kitambaa picha yako ile uliyopiga umeshika koleo. Tulipofika Mkiwa alitupokea vizuri, soda, karanga, maswali yote ya mahali Zakayo anakotoka. Nilipotaja mashine akanyooka mgongo.

"Haichezwi hiyo."

"Baba, ni mara moja tu."

"Nimesema haichezwi. Ikichezwa itaharibika. Ikiharibika nitakuwa nimemzika mara ya pili. Na yale makelele yenyewe, mwanangu, kwenye nyumba ya mzee wa kanisa?"

Hapo uvumilivu wangu ukaisha, nikasema yaliyokuwa yameniganda tangu siku ya jamvi. Nikasema, baba, wewe una mashine isiyosema, Shangazi alikuwa na sauti isiyosikika, mimi nina karatasi. Sote tunamkumbuka Josephat, na hakuna hata mmoja anayemsikia. Nikasema maisha yake yote alikuwa anachukua vitu vilivyonyamaza anavifanya viseme, na sisi tukaona njia nzuri ya kumuenzi ni kukinyamazisha cha kwake.

Nilidhani atanifukuza. Baba Mdogo akatazama ile picha ya koleo. Kisha akasimama, akatoa ufunguo wa kabati kwenye mfuko wa shati, kumbe anatembea nao, akasema, "Hapa hapa. Mbele yangu."

Zakayo akachomeka waya. Kikazunguka, kaka! Tangu ulipokigusa wewe mara ya mwisho, kikazunguka kana kwamba hakijui kilichotokea. Tukaweka upande wa pili. Sindano ikapanda na kushuka kwenye ule ukingo uliojikunja kama pikipiki kwenye barabara ya matuta, ikaruka, ikakwaruza, ikaruka tena. Hakuna wimbo. Vipande tu, kelele nusu, pumzi ya mtu, ngoma moja. Ule wa kuku umekwenda. Nisingependa kukuambia lakini umekwenda, sindano iliteleza ikapita juu yake kama haupo. Nikaona Baba Mdogo anauma midomo. Mimi nilikuwa nimeshakata tamaa, nimeshageukia dirishani.

Kumbe karibu na katikati jua halikuweza. Pale ni bapa bado. Sindano ikatulia, ikashika mstari. Nikasikia ile pumzi ya kwanza, ile ya mtu anayefungua mlango, naijua. Na wakati ule ule, nisikilize vizuri, wakati ule ule lori likaingia pale njia panda likifunga breki zake za upepo na honi juu. Nyumba nzima ikatetemeka. Nikapiga kelele, "Nyamaza!" Lori gani linanyamaza? Lilipopita nikawahi kusikia mwisho tu, lile neno la mwisho anapolivuta, na kwisha. Wimbo umekwisha.

"Rudia! Rudia!" nikamwambia Zakayo. Akanyanyua sindano. Akairudisha taratibu kwa vidole vyake vile virefu. Umeme ukakatika.

Santuri ikazunguka, ikapunguza mwendo, ikasimama.

Nililia, kaka, sitaficha. Nililia kama mtoto aliyenyimwa. Zakayo akasema yeye aliusikia wote, alikuwa ameinamia mashine sikio liko pale pale, na aliusikia anapofunua sahani. Nikamchukia na kumpenda kwa pamoja. Tukasubiri umeme mpaka karanga zikaisha. Haukurudi.

Lakini sikiliza. Baba Mdogo muda wote huo alikuwa amekaa anaitazama ile santuri iliyojikunja. Mwisho akasema, "Ndio huo aliokuwa anausikiliza akicheka peke yake kibandani?" Nikasema ndio. "Na unasema mtu anakula?" Nikamweleza. Akatikisa kichwa. "Sikusikia. Lile lori nalo halina adabu." Alikuwa amekasirika kweli, kaka, amelikasirikia lori! Halafu akasema siku ya kujengea kaburi lako, kabla mvua hazijaanza, ataileta mashine mwenyewe, na betri ya sola ili tusitegemee umeme wa mtu. Baada ya sala, kabla ya chakula. Nikaanza kumshukuru akaninyooshea kidole. "Si kwa ajili yako. Nataka kusikia mimi."

Kwa hiyo hapo ndipo tulipo. Bado nina hasira, usidhani zimeisha. Wazee wengine wameshasikia na wanaguna, wanasema kaburini ni mahali pa nyimbo za kitabu. Mama ameniuliza kama haitoshi tukiimba. Shangazi amesema atakuja na ugali wa uwele na kama wazee watakataa yeye anajua la kuwajibu, na nawaonea huruma. Mchungaji nimemwendea mwenyewe. Aliniuliza wimbo una urefu gani. Nikamwambia, mchungaji, unywe soda yako tu kama kawaida.

Nyimbo nyingine zote zimekufa na jua, usizisubiri. Nitakuletea mmoja. Si ule uliokuwa unaupenda wewe, ni wangu, lakini tutagawana, na safari hii hatutagawana kama wazee. Jalada nimelishona kwenye kona kwa uzi mweusi, halionekani sana. Zakayo atasimama upande wa barabara, na amesema lori likija atalisimamisha kwa mikono yake yote miwili. Ukimwona jinsi alivyo, utaamini.

Nasikia hatua zake nje. Chakula chake kipo mezani, nimekifunika. Ngoja nikae nimtazame akifunua, halafu nitalala nikiwa na furaha na hasira zangu pamoja, kitanda kinatosha.

Tunakuja, kaka, kabla mwezi huu haujaisha. Wewe kaa macho tu, maana wimbo wenyewe ni mfupi.

Mdogo wako, mke wa Zakayo.